Ndege Haina Konda

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, mbele ya wafanyabiashara na wazazi wenye vijana wanaokwenda kusoma nje)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Naona kuna waliokuja na mabegi yao kabisa. Vizuri, mzani ninao hapa mezani, tutayapima tukimaliza.

Nimekaa kaunta ya uwanja wa ndege miaka 11. Kilichonipa tabu kuliko vyote ni basi. Ndiyo, basi! Sisi watu wa kusini tumekulia stendi. Unafika na kiroba chako, konda anataja elfu kumi, wewe unataja elfu tatu, mnakubaliana, kiroba kinaingia kwenye buti. Sasa mtu huyohuyo anakuja kaunta na kilo 31, tiketi yake inasema 23, ananikazia jicho lile la stendi: "Dada, tusaidiane." Nikusaidie na nini? Ndege haina konda.

Kabla ya kuruka, uzito wote unapigiwa hesabu: abiria, mafuta, mizigo. Hizi pangaboi mnazoziona zikitua hapa kwetu, zile Bombadia za Q400 za Air Tanzania, zina viti 76. Si ndege kubwa. Halafu kuna joto letu. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kuegemea, kwa hiyo saa saba mchana ndege haibebi kirahisi kama alfajiri. Ndiyo maana siku nyingine begi lililolipiwa kila kitu linaachwa lifuate na ndege ijayo. Wala hajakuonea mtu.

Na ile kilo 32 mnayoisikia, kwamba begi moja lisiizidi hata ukiwa tayari kulipa, hiyo ni ya mgongo wa mpakiaji. Kuna kijana ameinama ndani ya tumbo la ndege, hawezi hata kusimama wima, anapokea mabegi moja baada ya jingine. Mfikirie huyo.

Turudi kwenye tiketi. Tafuta palipoandikwa mzigo. Ukikuta 30K, umepewa kilo 30 kwa jumla. Mara nyingi unaweza kuzigawa kwenye mabegi mawili. Ukikuta 2PC, umepewa mabegi mawili, na kila moja lina kikomo chake, kwa kawaida kilo 23. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu anajaza begi moja kilo 40, la pili analiacha nyumbani, anasema jumla sijafika 46. Hapana, baba. Mabegi mawili ya 23 hayageuki kuwa begi moja la 46. Na ukubwa pia unapimwa: urefu, upana na kimo ukijumlisha, mashirika mengi yanataka visizidi sentimita 158. Kanda ya fundi cherehani inatosha.

Sasa wafanyabiashara wa Dubai na Guangzhou, nisikilizeni hapa. Ukikata tiketi ya Mtwara mpaka Dar peke yake, halafu ya Dar kwenda nje peke yake, una mikataba miwili. Ile ya mbali inakupa mabegi mawili, hii ya hapa inakupa moja. Nani atalibeba la pili? Utalipia. Na ukifika Dar begi halijipeleki: unalichukua kwenye mkanda, unatoka, unalipeleka kaunta upya. Mimi mwenyewe, mfanyakazi wa kaunta, yamenikuta. Nilikaa upande wa pili natafuna kashata, naamini begi liko safarini, kumbe linazunguka peke yake kwenye mkanda mpaka likawekwa stoo.

Kuna mama mmoja alitoka Tandahimba kumsindikiza mwanawe, anakwenda kusoma China. Mwezi wa Novemba, joto mnalijua. Begi kilo 31, ruhusa 23. Tukalifungua pale pale sakafuni, kijana anaona aibu, nguo zake za ndani ziko nje. Likatoka koti la baridi na buti, akavaa. Zikabaki 28. Zikatoka korosho, kilo tatu. Yule mama alikuwa amezibangua mwenyewe, viganja vyake bado vyeusi kwa mafuta ya maganda. Hakutaka kuziachia. Tukazihamishia kwenye begi la mkononi, ambalo lilikuwa na madaftari tu. Zikabaki 25. Mwisho tukafikia kinu kidogo na mchi wake. Mama akakitazama, akanitazama mimi. "Mwanangu, huko atatwangia nini?" Kinu kikarudi Tandahimba. Kijana akapanda ndege na koti lake, jasho linamchuruzika mpaka shingoni.

Pawabenki haiingii begi la chini. Betri za lithiamu zikishika moto, kwenye kabini wahudumu wataona na kuzima. Kule chini nani ataona? Mwisho ni wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme unaotunzwa ndani ya betri. Piga hesabu hivi: ile 20,000 iliyoandikwa mbele ya mAh, zidisha kwa 3.7, ambazo ndizo volti za betri, gawanya kwa 1,000, unapata 74. Inapita. Ya 30,000 inatoa 111, hiyo mpaka shirika likubali. Isiyo na maandishi watakunyang'anya tu. Na ukiwa ndani ya China, tangu Juni 28, 2025, safari za ndani hawakubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile alama ya usalama ya China. Wale wa kuunganisha Guangzhou na miji mingine, mmesikia.

Vimiminika vya mkononi, kwenye viwanja vingi, ni mililita 100 kila chupa kwenye safari za kimataifa, tangu lile jaribio la Uingereza la mwaka 2006 la kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Wanaangalia chupa, hawaangalii kilichobaki ndani. Asali, samli, pilipili ya kusaga, vyote vinahesabika. Weka begi la chini, funga kwa nailoni nzito. Nimeona samli imelowesha suti ya harusi.

Anayekwenda Ulaya asibebe nyama wala maziwa, hata kidogo. Samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20, wawe wametolewa matumbo, kwa hiyo ng'onda wako wanapita kisheria. Harufu ni kesi nyingine.

Begi lisipotokea, usitoke ukumbini bila kuandikisha na kupewa karatasi. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika unadai kwa maandishi ndani ya siku saba tangu ulipolipokea. Lililochelewa, ndani ya siku 21. Dhahabu, vyeti na dawa havikai chini, hilo nisilirudie.

Haya, nani anaanza? Mama mwenye shangazi kaja la bluu, lete hapa. Baba, msaidie kunyanyua... Kilo 34. Mama, umeweka nini humu?