Faida ya Duka Inalindwa Kabla Mzigo Haujashuka

SOMOE: Wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na kokote mliko, karibuni. Mimi ni Somoe, niko na kaka yangu Fadhili. Leo tunaongelea faida ya duka. Kaka, wewe umekaa sana kwenye biashara ya jumla. Duka la huku kwetu linavuja wapi?

FADHILI: Barabarani, dada, na kwenye daftari la madeni. Watu wengi wanatafuta tatizo kwenye bei ya kuuzia. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 550. Mfuko wa sukari ukishuka Mtwara Mjini umeshabeba nauli, wapakiaji, washushaji, na hasara ya ule uliochanika njiani. Ukienda Newala, ongeza nauli nyingine. Mwenye duka anayepanga bei kwa kuchungulia jirani anauzaje, bila kujua mfuko umemfikia kwa shilingi ngapi, anabahatisha.

SOMOE: Na hata wanaopiga hesabu, kuna mahali wengi wanateleza. Kitu kimekufikia dukani kwa 1,000, unakiuza 1,200. Unasema nina faida ya asilimia 20. Sawa, ukipima kwa mtaji. Ukipima kwa fedha iliyoingia kwenye droo, haifiki hata 17. Sasa anakuja mteja anaomba umpunguzie asilimia 10, unaona si neno, bado nabaki na 10. Hubaki nayo. Asilimia 10 ya 1,200 ni 120, mkononi inabaki 80. Ili uipate ile 200 ya mwanzo, itabidi uuze mara mbili na nusu.

FADHILI: Jamani, chukueni kalamu muirudie hiyo. Imeua maduka mengi.

SOMOE: Nauli je? Mwenye duka dogo anaipunguzaje?

FADHILI: Aangalie malori yanaelekea wapi. Hapa tuna kiwanda cha saruji cha Dangote. Lori likipeleka saruji Dar lazima lirudi, na mwenye lori hapendi kurudi mtupu, maana dizeli inaungua vilevile. Huyo ndiye wa kuongea naye. Lakini hatakubebea mifuko mitatu. Maduka matano au sita ya mtaa mmoja wakichanga oda, wanapata nafasi kwenye lori na wanapata bei ya jumla ya kweli. Nimeona watu wanagombana kwa shilingi 50 ya bei ya kuuzia, na kumbe wangeweza kuokoa zaidi ya hapo kwenye nauli.

SOMOE: Tuje kwenye jambo ambalo mimi na wewe hatuelewani. Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika sehemu kadhaa, malori yakakwama. Mtu ana mifuko yake ya sukari ya bei ya zamani, anaamka asubuhi anapandisha. Mimi naona huo ni unyonyaji. Mzigo haujamgharimu chochote cha ziada.

FADHILI: Mzigo alionao haujamgharimu. Unaofuata utamgharimu. Akiuza mfuko kwa bei ya jana, halafu mfuko mpya ukaja ghali, ile fedha haimrudishii mfuko mzima. Akifanya hivyo mara tatu, duka limekwisha, na ninyi wateja mtafuata sukari mbali.

SOMOE: Akijua bei mpya, sawa. Mimi namsema yule anayepandisha kwa kusikia tu kwamba barabara imekatika. Yule anayeficha mifuko stoo na kusema imeisha. Mama mwenye watoto anakuja na 1,000 yake ya siku nzima, unamwambia sukari hakuna, na wewe unaijua ilipo!

FADHILI: Kuficha sikutetei, dada. Hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja. Kama mzigo ni mchache, ugawe: kila mtu kilo moja, na bei uisogeze kwa kadiri ya oda uliyothibitisha kwa msambazaji, siyo kwa uvumi. Na kingine: anayejua masika inakuja aongeze akiba ya vitu visivyooza mapema, Februari huko. Ghala lenye mzigo linakupa nafasi ya kutulia wakati wengine wanahangaika.

SOMOE: Mapema kwa fedha ipi, wakati mtaji wote uko kwenye daftari? Huku kwetu mtu anakopa dukani kuanzia wakati wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, anasema nitalipa nikiuza korosho. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na fedha ya mkulima inapita AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, na benki. Miezi yote hiyo mtaji wako umekaa kwenye karatasi.

FADHILI: Deni la miezi mitano ni gharama, kama nauli. Lipangie kiwango tangu mwanzo: nyumba fulani, mwisho kiasi fulani. Na kwa bidhaa zenye faida nyembamba, kama sukari na unga, usikopeshe kabisa.

SOMOE: Kuna wenye maduka wanaomwambia mdaiwa: basi nilipe kwa korosho kabla ya msimu, bakuli kwa bei ya kutupa.

FADHILI: Hiyo ni kangomba. Ni kosa kisheria, na ni kumla mkulima ambaye ndiye mteja wako wa mwaka mzima.

SOMOE: Na viwanda na wasambazaji, wao wanajilindaje?

FADHILI: Viwanda vinapunguza ujazo. Bei imebaki ileile, mche wa sabuni umekuwa mwembamba. Au msambazaji anakufungia: unataka kile kinachotoka haraka, chukua na katoni mbili za kile kilichododa. Hesabu katoni hizo kama sehemu ya bei ya ile bidhaa nzuri, uone kama bado inalipa.

SOMOE: Msikilizaji wetu wa Mikindani anauliza: amepewa ofa ya friji la soda, sharti asiweke vinywaji vya kampuni nyingine. Achukue?

FADHILI: Aangalie kwanza wateja wake wanakunywa nini. Kama wengi wanataka soda za kampuni hiyo, achukue, maana friji ni mtaji mkubwa. Kama maji ya kampuni nyingine ndiyo yanamlipia umeme, asubiri. Na aulize mapema nani anatengeneza friji likiharibika, iandikwe kwenye mkataba, maana fundi akichelewa wiki mbili kwenye joto la Desemba, mauzo yanayopotea ni yake.