Fungua Kasha Kabla ya Kufungua Pochi: Kuiboresha Kompyuta ya Zamani kwa Ajili ya Gemu

Ndugu mafundi, na ninyi vijana mliokuja na orodha za bei mikononi, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuiboresha kompyuta ya mezani ya zamani ili iweze kuchezesha gemu za siku hizi, na kwa kuwa jambo hili nimelisema mara nyingi, tena mbele ya baadhi ya nyuso ninazoziona hapa, sitasimama kueleza kwa kirefu RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, wala prosesa, ule ubongo wake. Nitaanza na pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Wanaotaka nianze na kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, wanivumilie, kwa sababu ziko kadi nyingi nzima zilizolala kabatini ambazo hazina kasoro yoyote, ila zilinunuliwa kabla mwenyewe hajafungua kasha la kompyuta yake akaona ndani mna nini.

Tuchukue mfano halisi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, na hata Luthuli Avenue kule Nairobi, ni zile zilizokuwa zikitumika maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Mimi nitashika OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, lile kasha kubwa linaloandikwa MT. Ina soketi, yaani kiti cha prosesa, ya LGA1150, inatumia prosesa za Intel za kizazi cha 4 na RAM ya aina ya DDR3, na pawasaplai yake ni ya wati 290. Ukiondoa ubavu wa kasha utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba waya mkuu unaoingia kwenye ubao mama, ule ubao unaounganisha sehemu zote, hauna ile plagi ya kawaida ya pini 24, bali una plagi ya pini 8 ambayo ni ya Dell wenyewe. La pili ni kwamba hakuna waya wowote wa pini 6 wala 8 ulioachwa kwa ajili ya kadi ya picha, kwa kuwa aliyeiunda mashine hii aliiunda kwa kazi za ofisi na hakutarajia kadi kubwa.

Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua ununue nini. Nafasi ya PCI Express iliyo kwenye ubao mama, ambapo kadi huchomekwa, huweza kuipa kadi umeme wa hadi wati 75, na kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iwe na plagi yake. Basi kwa mashine hii, bila kugusa kitu kingine, unatafuta kadi isiyo na plagi: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GTX 1650 ya mwaka 2019, au RTX 3050 ile ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024, ambayo hutumia wati 70. Fanyeni hesabu pamoja nami. Prosesa ya i7-4770 imekadiriwa wati 84. Ongeza 75 za kadi, unapata 159. Ongeza diski, feni na RAM, na bado uko chini ya 290 kwa nafasi nzuri. Lakini angalieni kadi yenyewe kwa macho, msiamini jina peke yake, kwa sababu ziko GTX 1650 ambazo watengenezaji wamezipa plagi ya pini 6, na hizo hazitawaka bila kuunganishwa umeme.

Najua mtakaloniambia, kwa maana huniambia kila mara: "Mzee, kuna adapta. Unachukua waya wa umeme wa diski, ule wa SATA, unaugeuza kuwa pini 6, kadi inawaka." Ni kweli inawaka, na hapo ndipo hatari ilipo. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila pini imekadiriwa kubeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta wati 75. Kwa hiyo unamkabidhi wati 75 mtu aliyeajiriwa kubeba 54, halafu unacheza saa tano mfululizo katika chumba chenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Kijana mmoja aliniletea adapta ya namna hiyo: plastiki yake nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa upande mmoja, pini ya njano imezama ndani kama sentimita nusu, na ilipovutwa ilitoka na kipande cha plagi ya pawasaplai kikiwa kimeyeyukia humo. Gemu yake, alisema, ilikuwa "inakatakata tu". Mafundi mlio hapa, nawasihi: msimwekee mteja adapta hiyo, hata akilia.

Wengine wataniambia watabadilisha pawasaplai nzima, wanunue ya wati 500 ya bei nafuu. Vizuri, lakini someni lebo. Msisome ile namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Tafuteni mstari wa +12V na ampea zake, kisha zidisheni kwa 12. Nimeshika pawasaplai zilizoandikwa wati 500 ambazo mstari huo ulikuwa na ampea 16 tu. Ampea 16 mara 12 ni wati 192, na prosesa na kadi hulishwa na mstari huo huo. Zile wati nyingine zimejazwa na mistari ya volti 3.3 na 5 ambayo kadi ya picha karibu haina haja nayo. Pawasaplai ya Dell ya wati 290, ikiwa haijachoka, ni salama kuliko hiyo. Ukipata iliyo imara kweli, utahitaji pia waya wa kugeuza pini 24 ziwe 8, na waya huo uulizie kwa jina la modeli yako, kwani HP na Lenovo wana plagi zao nyingine, na hata kwa Dell wenyewe OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 bado ilikuwa na pini 24 za kawaida.

Kuhusu kadi zenyewe nitasema machache. GTX 1050 Ti bado inachezesha mpira na gemu nyingi za mtandaoni, lakini Nvidia, wenye chipu yake, walimaliza mwezi Oktoba 2025 kuitolea draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) za gemu mpya, yeye na kizazi chake chote. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama. Kwa sababu hiyo, tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukueni GTX 1650. Radeon RX 6400 ya AMD inavutia kwa sababu hutumia wati 53 tu, lakini imepewa njia nne tu za kupitishia data kwenye PCI Express, nayo kwenye mashine ya zamani hupungua nguvu waziwazi. Kadi za Intel Arc ziacheni; zinategemea Resizable BAR, kipengele kinachoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ambacho BIOS (programu ya msingi ya kuwashia kompyuta) za mashine hizi hazina. Na muwe macho na kadi za kughushi: kadi kongwe, kama GTS 450, huandikwa upya chipu yake ijitambulishe kuwa 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuzitambua na kuandika FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa kuiendesha mbele yako, mrudishie kadi yake.

Naona muda unanikimbia, kwa hiyo prosesa nitaipitia haraka. Ukiwa na i3, nunua i5-4590 au i7-4770 iliyotumika. Zote zinaingia humo humo. Wanaochagua kati ya kizazi cha 3 na cha 4 wachukue cha 4, kwa kuwa ndicho kilichoanza kuwa na AVX2, yaani maelekezo ya hesabu yaliyo ndani ya prosesa, na ziko gemu mpya zisizofunguka kabisa bila hayo. Wenye mashine za soketi ya LGA1151 nao wajue kwamba prosesa za kizazi cha 8 na cha 9 zina pini 1151 zile zile lakini hazifanyi kazi kwenye ubao wa kizazi cha 6 na cha 7. Prosesa inaingia, inakaa vizuri, kompyuta haiwaki, na duka halirudishi fedha.

RAM: vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16, kwanza kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba, na pili kwa sababu prosesa hizi hazikubali kipande cha DDR3 cha GB 16. Ile RAM ya seva inayouzwa kwa bei ya kutupa haiingiliani na OptiPlex. Diski wekeni SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, ya SATA; 9020 haina nafasi ya M.2, ile ya kuchomeka SSD nyembamba moja kwa moja kwenye ubao. Haitaongeza kasi ya picha ndani ya gemu, ila itapunguza sana muda wa kusubiri.

La mwisho ni Windows. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Ziko njia za kuisakinisha kwa nguvu, lakini gemu kama Valorant, ikiwa juu ya Windows 11, hudai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati kompyuta inawaka), na 9020 haina TPM hiyo. Kwa hiyo mwenye 9020 tayari nyumbani aiboreshe kwa utaratibu nilioueleza. Ambaye bado hajanunua mashine, na anajua kwamba rafiki zake wote wanacheza Valorant, aongeze fedha kidogo achukue OptiPlex 7060 ya mwaka 2018, inayokidhi masharti hayo. Tuingie kwenye maswali. Kijana mwenye ThinkCentre pale nyuma ndiye atakayeanza.