Galway: mji uliomfungia mlango mwanzilishi wake

Haya ndugu zangu, walio nyuma sogeeni, viti vipo. Leo tuko Galway, magharibi mwa Ireland, pale mto Corrib unapoingia baharini, na naanza na chakula cha sikukuu. Mwaka 1518 baraza la mji lilipitisha sheria kwamba ni marufuku kumkaribisha nyumbani Krismasi au Pasaka mtu wa ukoo wa Burke, wa Kelly au ukoo wowote wa nje bila kibali cha meya na baraza, ukikaidi faini pauni 5, na pauni 5 za enzi hizo si mchezo. Wakaongeza kabisa kwamba hakuna "O" wala "Mac", yaani Waairishi wa asili wenye majina ya namna hiyo, atakayetamba kwa maringo kwenye mitaa ya Galway.

Sasa hao Burke ni nani? Ndio hao hao de Burgh! Richard de Burgh, Mnormani, yaani wa uzao wa wale wavamizi kutoka Ufaransa walioiteka Uingereza, ndiye aliyeiteka sehemu ile miaka ya 1230 akajenga ngome, mji ukakua pembeni yake, na kuta za mawe zikaanza kupanda kama 1270 hivi. Ila 1333 kijana William de Burgh akauawa bila kuacha mtoto wa kiume, ndugu zake wa upande wa Connacht, jimbo hili la magharibi lenye Galway, wakajitwalia ardhi, wakaoana na Waairishi, wakaongea Kiairishi, baada ya muda huwezi hata kuwatofautisha. Wafanyabiashara waliobaki ndani ya ukuta wakang'ang'ania sheria na mfalme wa Uingereza, na 1484 Richard III akawapa hati ya kujichagulia meya wao, na de Burgh hana tena sauti mjini.

Hapo ndipo koo 14 zinashika usukani: Lynch, Blake, Martin, Joyce, Ffrench, Skerrett na wenzao. Walioana wao kwa wao, wakaachiana vyeo, hao Lynch peke yao wametoa meya mara 84, eti uchaguzi! Na msidhani wote damu ya Kinormani, Kirwan na Darcy asili yao ni Kiairishi, kwa hiyo ukiniuliza mimi kilichowatenga na wa nje kilikuwa biashara kuliko damu. Ngozi na samaki zinatoka, mvinyo wa Hispania na Ufaransa unaingia, na ngozi zenyewe zinatoka kwa hao hao wa nje wasiotakiwa mezani.

Ile stori ya meya Lynch kumnyonga mwanae mwenyewe dirishani 1493 mtaisikia sana kwa watembeza watalii, tamu kweli, ila ni hekaya.

Mwisho wao? Waliomkumbatia mfalme walikuwa Wakatoliki, jeshi la Cromwell, Mprotestanti aliyeongoza vita vya Bunge la Uingereza dhidi ya mfalme, likauzingira mji, ukasalimu amri 1652, na kufika 1654 koo zote zimetolewa barazani, viti wakakalia Waprotestanti wa Kiingereza. Maswali?