Adjutor Rivard: Wakili Aliyekitetea Kifaransa kwa Ushahidi

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wapenzi wa lugha, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya watetezi wa lugha, nami nimemchagua mtu ambaye huku kwetu hatajwi kabisa: Adjutor Rivard wa Quebec, jimbo la Kanada ambako wengi huzungumza Kifaransa, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa wakili, akafundisha ufasaha wa kusema katika Chuo Kikuu cha Laval, na mwaka 1921 akawa jaji. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa Kifaransa cha watu wa kwao. Alikitetea jinsi wakili hodari anavyotetea kesi: ushahidi kwanza, hotuba baadaye.

Ufaransa iliikabidhi Kanada kwa Uingereza kwa Mkataba wa Paris wa 1763. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1774, Bunge la Uingereza likaruhusu sheria ya madai ya Ufaransa, yaani ile ya mali, ndoa na urithi, iendelee kutumika Quebec. Wengi hulipita jambo hili haraka, nami naliona zito mno. Hati za kuuza shamba, mikataba ya ndoa na wosia ziliendelea kuandikwa kwa Kifaransa huko huko vijijini. Mtu akirithi shamba kwa lugha fulani, haiachi lugha hiyo kirahisi. Kisha Katiba ya 1867, kifungu cha 133, ikaruhusu Kifaransa na Kiingereza katika Bunge la Kanada, Bunge la Quebec na mahakama zake.

Hiyo ilikuwa haki ya kwenye karatasi. Mitaani mambo yalikuwa mengine. Rivard alipokuwa kijana, reli, benki na viwanda vikubwa vya Montreal viliendeshwa kwa Kiingereza. Na juu ya hayo palikuwa na dharau: ilisemwa kwamba wanachozungumza wakulima wa Quebec si Kifaransa hasa, ni kilugha tu, hakifanani na cha Paris. Ubaya wa maneno haya ni kwamba hata wasomi wa Quebec wenyewe walianza kuyaamini. Mtoto akitoka shuleni alianza kumwonea haya mama yake anapofungua kinywa.

Sasa tazameni alivyojibu. Februari 1902, Rivard na padre Stanislas-Alfred Lortie walianzisha chama cha kuchunguza Kifaransa cha Kanada, chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha Laval. Hawakuanza na maandamano wala kulalamika. Walianza kuuliza watu. Walitawanya orodha za maneno kwa walimu, mapadre na wasomi wengine wa sehemu mbalimbali, wajibu: neno hili mmelisikia? Linatamkwaje? Lina maana gani kwenu? Majibu yakarudi, yakachambuliwa na kuchapishwa katika jarida la chama. Lortie, kwa upande wake, akafuatilia wahamiaji wa karne ya 17 walitoka majimbo gani ya Ufaransa: Normandie, Perche, Poitou, Aunis, Saintonge, Paris na viunga vyake.

Hapo kesi ikageuka. Chukueni mkulima wa Quebec anayefunga mlango kwa ufunguo. Yeye husema *barrer*, na mtu wa Paris humcheka. Kumbe neno hilo linatoka enzi za kukaza mlango kwa komeo la mti, na magharibi mwa Ufaransa liliendelea kusemwa. Au matamshi ya *moé* na *toé*, yaliyoonekana ya kishamba: ndivyo walivyotamka hata kwenye jumba la mfalme kabla ya Mapinduzi ya 1789. Aliyebadilika ni mtu wa Paris. Mkulima alikuwa ametunza alichorithi.

Juni 1912 chama kiliitisha mkutano mkuu wa kwanza wa lugha ya Kifaransa, mjini Quebec, wakaja wajumbe kutoka jamii za Kifaransa za Kanada na Marekani. Mwezi huohuo serikali ya Ontario, jimbo jirani, ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana ufundishaji kwa Kifaransa hadi miaka miwili ya mwanzo ya shule. Akina mama wa Ottawa, mji ulio ndani ya Ontario, walisimama kulinda madarasa ya watoto wao. Kanuni ile ililegezwa mwaka 1927, baada ya miaka kumi na mitano ya mapambano.

Kamusi iliyotokana na kazi ya kukusanya maneno ilitoka mwaka 1930, miaka 28 baada ya chama kuundwa. Vitabu vingi vya aina hiyo huachwa njiani. Hiki kilikamilika, nami nawaheshimu sana waliokesha nacho.

Hata hivyo, kuna jambo nisilokubaliana naye. Utetezi wake uliegemea mno nasaba: neno lilipata hadhi zaidi likionyesha babu yake Normandie. Vipi basi *poudrerie*, theluji inayopeperushwa na upepo hadi mtu haoni mbele? Hilo ni tunda la baridi ya Kanada yenyewe. Na *ouaouaron*, yule chura mkubwa, jina lake limetoka kwa wenyeji waliokuwapo kabla ya Mfaransa yeyote. Tena Rivard alimpenda mkulima, akaandika kwa mapenzi makubwa juu ya maisha ya kijijini, lakini mfanyakazi wa kiwandani, aliyechanganya lugha kwa sababu ya mkate wake, hakupata sikio lile lile. Kwangu hilo ni pengo kubwa.

Wapo miongoni mwetu wenye ndugu Montreal, waliotoka Bukavu au Bujumbura. Watoto wao wanasoma kwa Kifaransa kwa sababu ya Sheria 101 ya mwaka 1977, sheria ya Quebec inayowapeleka watoto wa wahamiaji katika shule za Kifaransa, iliyotungwa muda mrefu baada ya Rivard kufariki. Sheria ile ilitungwa na wanasiasa, na mapigano yake mahakamani hayajaisha. Lakini watu waliokwisha kukubali kwamba wanazungumza kilugha wasingedai sheria ya namna hiyo, na kazi ya kuwaondolea aibu hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1902, kwa orodha za maneno zilizotumwa vijijini. Huko Laval watafiti wameendelea kukusanya na kuchambua maneno ya Quebec, safari hii pamoja na yale ya mjini.

Ahsanteni. Karibuni kwa maswali.