Kilichomo ndani ya alama ya kwotabeki wa chuo kikuu

Mabibi na mabwana, karibuni. Mada yetu ni namba ambayo kila Jumamosi ya msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu husomwa na watangazaji, na wengi huipokea bila kuihoji: alama ya pasi za kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilianza kuitumia fomula hii mwaka 1979. Shikeni kalamu. Yadi za pasi zidisha kwa 8.4, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la goli la wapinzani) kwa 330, pasi zilizodakwa kwa 100, kisha jumlisha. Toa 200 kwa kila pasi iliyonaswa na wapinzani. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya pasi zote alizorusha. Joe Burrow wa LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, msimu wa 2019, alirusha pasi 527. Zilidakwa 402, yadi 5,671, tachidauni 60, zikanaswa 6. Ukipiga hesabu unapata 202.0.

Msiichanganye na alama ya NFL, ligi ya kulipwa, ambayo ukomo wake ni 158.3. Alama ya 140 huko ni ya ajabu. Chuoni ni ya kawaida. Fomula ya vyuo haina ukomo wa aina hiyo, na ilipangwa ili mrushaji wa wastani wa miaka iliyotangulia 1979 apate 100. Mchezo umebadilika mno tangu hapo, na leo 100 ni alama ya msimu mbaya.

Sasa tuigeuze fomula iwe yadi, tuone kila kitu kimepewa thamani gani. Gawa 330 kwa 8.4: tachidauni moja ni sawa na yadi 39. Gawa 200: pasi iliyonaswa inagharimu yadi 24 tu. Gawa 100: pasi ikidakwa tu, hata isiposogeza mpira hata inchi moja, kwotabeki anazawadiwa yadi 12. Hapa ndipo sikubaliani na fomula hii. Timu inayopoteza mpira imepoteza nafasi yake ya kufunga na kumkabidhi mpinzani nafasi yake, na yadi 24 hazilipi hasara hiyo. Upande wa pili, timu iliyofika yadi 2 kutoka mstari wa goli ilikuwa imekaribia kufunga hata kabla pasi ile haijarushwa, kwa hiyo kumpa mrushaji yadi 39 za ziada ni kumpendelea.

Kipimo kiitwacho AY/A, yaani yadi zilizorekebishwa kwa kila pasi, kinasahihisha hayo kwa hesabu nyepesi: yadi, jumlisha 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila iliyonaswa, gawa kwa pasi zote. Tuseme vijana wawili wamerusha pasi 30 kila mmoja. Wa kwanza zimedakwa 24, yadi 210, tachidauni 2, zimenaswa 2. Wa pili zimedakwa 17, yadi 260, tachidauni 1, hakuna iliyonaswa. Fomula ya NCAA inampa wa kwanza 147.5 na wa pili 140.5. AY/A inampa wa kwanza 5.3 na wa pili 9.3. Kocha yeyote angemchukua wa pili, naye ndiye aliyewekwa nyuma na alama rasmi.

Lakini hata wa pili tusimsifu haraka. Chuoni, yadi zinazopotea kwotabeki anapoangushwa na mpira mkononi huandikwa upande wa mbio, si wa pasi. Anayeng'ang'ania mpira hadi akaangushwa analinda alama yake, na timu ndiyo inayolipa. Kama kijana wetu aliangushwa mara 5 akapoteza yadi 35, toa 35 juu, ongeza 5 chini: 9.3 inashuka hadi 7.0. Hatua hii msiiruke kamwe. Takwimu zake zipo kwenye karatasi ya mechi, ila zimekaa safu nyingine.

Jumla za msimu nazo hudanganya. Bailey Zappe wa Western Kentucky mwaka 2021 alipata yadi 5,967 na tachidauni 62, zote zikimzidi Burrow. Alirusha pasi 686, yaani 159 zaidi. Kwa kila pasi ni yadi 8.7 dhidi ya 10.8, na AY/A ni 9.8 dhidi ya 12.5. Msimu wa Zappe ulikuwa mkubwa kweli. Wa Burrow ulikuwa wa daraja jingine.

Yapo ambayo hakuna fomula kati ya hizi inayoyaona. Mpira uliotupwa nje kwa makusudi, au uliopigwa chini kusimamisha saa, unahesabiwa kama pasi iliyokosa. Mdakaji akiuachia mpira uliomfika mikononi, lawama inaandikwa kwa mrushaji. Na mpira unaosukumwa mbele kidogo tu kwa mchezaji anayepita mbio mbele ya kwotabeki ni pasi kamili: akikimbia yadi 60, zote ni za kwotabeki. Hapo hakuna dawa ila kutazama mechi.

Pasi zilizonaswa zinahitaji subira ya pekee, maana ni chache. Katika msimu wa pasi 350, tofauti ya 7 na 10 inaweza kuwa mipira mitatu iliyogonga mikono ya mdakaji ikaruka juu. Kwa mechi chache, heri uangalie kiwango cha mafanikio: dauni (jaribio moja kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) ya kwanza pasi ipate nusu ya yadi zinazohitajika, ya pili asilimia 70, ya tatu na ya nne zote.

Mwisho, anayelinganisha vizazi akumbuke kwamba kabla ya 2002 NCAA haikuingiza mechi za boli, zile za baada ya msimu wa kawaida, katika takwimu za msimu. David Klingler wa Houston alirusha tachidauni 54 mwaka 1990 katika mechi 11, karibu 5 kwa mechi. Burrow alipata 60 katika mechi 15, yaani 4 kwa mechi. Ukigawa kwa pasi, Klingler alirusha 643: tachidauni 8.4 kwa kila pasi 100. Burrow ana 11.4.