Umeme wetu: mwekezaji au serikali? Nawajibu

Ndugu zangu, karibuni. Kila nikiweka video, swali ni lile lile: wewe uliyeko Uingereza, umeme wa Uganda ubaki kwa UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, au arudishwe mwekezaji? Najibu leo, na naomba asitokee mtu wa kusema najigamba au naitukana nchi. Bili za huku nalipa mimi, na tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla, za mama kule Jinja nanunua mimi.

Huku England maji yalibinafsishwa mwaka 1989. Nilipohamia nyumba hii, zikaanza kuja barua za deni la mpangaji aliyenitangulia. Unapiga simu, unasubiri, unatuma mkataba wa nyumba, wiki inayofuata wanataka mkataba ule ule. Na kuhama kampuni huwezi! Mtu wa nyumba ya kawaida hachagui nani amletee maji. Nilipona nilipopeleka malalamiko kwenye chombo cha watumiaji wa maji, bure, bila kumjua mkubwa yeyote. Hicho ndicho ninachokililia kwetu.

Maana mwekezaji tulishampa, tangu 2005, miaka 20. Haki yao tuwape: kampuni hiyo, iliyoitwa Umeme, ilikuta upotevu wa umeme wa karibu asilimia 38, ikaushusha chini ya 20. Lakini mkataba uliwahakikishia faida ya asilimia 20 kwa mtaji wao, na nani kati yetu aliwahi kuonyeshwa mkataba huo? Machi 2025 muda ukaisha, serikali ikawalipa dola milioni 118 kwa mtaji wao uliokuwa haujarudi, wao wakasema hazitoshi. Hela hizo ni zetu, jamani. Inaniuma.

Na anayesema shirika la umma haliwezi, aitazame NWSC, shirika la umma la maji la Uganda. Ilikuwa taabani. Kuanzia 1998, chini ya William Muhairwe, mameneja wa miji walitia saini mikataba ya malengo: bili zikusanywe, maji yasipotee njiani. Haikuuzwa.

Kwa hiyo mimi nasema ibaki UEDCL, ila malengo yake yatangazwe wilaya kwa wilaya, na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, imsikilize mama yangu kama inavyomsikiliza mwenye kiwanda. Huo ni msimamo wangu. Wewe mwenye mashine ya kusaga, hesabu zako huenda ni nyingine, sikulazimishi. Ila mtaani mkichangishwa hela za transfoma, mwenye kupokea atoe risiti ya shirika. Hana risiti, usimpe.