Acheni Kusugua Singe za Kale

Ndugu zangu, mlionisikia siku za nyuma mnivumilie, maana narudia lile lile: acheni kusugua! Bado naletewa singe za Kiingereza za karne ya 18, yaani vyuma vya kuchomea vinavyofungwa mdomoni mwa bunduki, ziking'aa kama sufuria mpya, na mwenyewe anasubiri pongezi.

Hii hapa ni ya gobore la Brown Bess, bunduki ya askari wa Uingereza wa enzi hizo. Pokezaneni. Chuma cha kuchomea kina pembe tatu, inchi 17 hivi, na nyuma yake bomba la inchi 4 linalovaa mdomo wa mtutu. Msiangalie ncha, kila mtu huangalia ncha. Geuzeni bomba kwenye mwanga. Mnaiona herufi C, na chini yake 24? Hiyo ni kombania na namba ya silaha. Nyingine huwa na rejimenti pia. Namba ya nini? Bomba hizo hazikutoka kwa wahunzi zikiwa sawasawa. Fundi aliilinganisha kila singe na mtutu wake, mpaka kinundu cha juu ya mtutu kipite vizuri kwenye mkato wa bomba. Ukichukua ya mwenzako, huenda isiingie, au ikaingia ikalegea na kuchomoka vitani. Kwa hiyo namba ile inatufikisha karibu na askari mmoja, na msasa wa dakika chache unamfuta.

Mtaniuliza, kutu si inakula chuma? Nyekundu inayomomonyoka, ndiyo, izuieni: kitambaa laini, mafuta mepesi kidogo, basi. Ile kahawia iliyokolea imetulia, iacheni. Na mnaosema wanunuzi wanapenda kinachong'aa: mkusanyaji makini akiona alama zimesuguliwa, anashusha bei au anaondoka.

Nilitaka tukae kidogo kwenye vita vya Killiecrankie, Uskoti, 1689. Singe za wakati ule zilichomekwa ndani ya mtutu, na askari wa serikali chini ya Jenerali Mackay hawakuwahi kuzichomeka kabla ya adui zao, watu wa milimani, kuwafikia. Singe ya bomba iliondoa shida hiyo: unafyatua ikiwa imefungwa. Lakini saa zimekwenda.

Ala za ngozi, msizilowanishe. Kusafiri na singe, ulizeni kwanza sheria za huko mnakokwenda. Singe bandia zipo nyingi: ukiona herufi imekata kutu, ndani yake chuma cheupe, usitoe pesa.